Justinus Kerner: Daktari mshairi aliyeionja sumu ya soseji

DAWA ambayo siku hizi huchomwa katika misuli ya watoto wenye mtindio wa ubongo, ili mguu uliokakamaa ulegee na kisigino kiguse ardhi, ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana duniani. Daktari anayeichoma hushika sindano kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hushika kifaa cha ultrasaundi, macho yake yakiwa kwenye skrini. Hafanyi hivyo kwa mbwembwe. Kukosea kwa sentimita moja tu kunaweza kuipeleka dawa katika msuli ambao haukuwa na tatizo lolote.

Wengi wanaifahamu sumu hiyo kwa jina lake la kibiashara, Botox, na wanaihusisha na watu wenye fedha zao wanaotaka kuondoa mikunjo usoni. Si wengi wanaojua kwamba mtu wa kwanza kuichunguza kwa utaratibu, na wa kwanza kuwaza kwamba kitu kinachoua namna ile kingeweza pia kutibu, alikuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani. Kwao anakumbukwa zaidi kwa mambo mengine kabisa: mashairi, mvinyo na visa vya mizimu.

Jina lake ni Justinus Kerner. Alifariki dunia Februari 21, 1862 akiwa na umri wa miaka 75, wala hakuiona dawa hiyo. Hakujua hata kwamba kinachoitengeneza sumu ile ni bakteria, kwa kuwa elimu ya vijidudu ilikuwa bado haijazaliwa.

Kerner alizaliwa Septemba 18, 1786 mjini Ludwigsburg, katika nchi ya Württemberg, ambayo wakati huo ilikuwa na mtawala wake na sheria zake. Baba yake alikuwa mtumishi mwenye cheo katika serikali ya mtawala huyo, na nyumbani hapakuwa na shida kubwa. Kaka zake wawili walijijengea majina kila mmoja kwa njia yake. Georg alikwenda Ufaransa kuyafuata mapinduzi, kisha akawa daktari mjini Hamburg. Karl aliingia jeshini, akapanda hadi ujenerali na baadaye akashika uwaziri katika serikali ya Württemberg.

Mdogo wao huyu alikuwa dhaifu. Akiwa bado mtoto aliugua tumbo kwa muda mrefu, akawa anatapika alichokula, na madaktari wakahangaika naye bila mafanikio. Hatimaye alipelekwa Heilbronn kwa tabibu Eberhard Gmelin, aliyekuwa akitibu kwa kile kilichoitwa siku zile usumaku, yaani kumpitishia mgonjwa mikono mwilini kwa imani kwamba kuna nguvu isiyoonekana inayohama kutoka mtu hadi mtu. Mtoto akapona. Iwe ni kwa mikono ya Gmelin au kwa sababu maradhi yale yalikuwa yamefika mwisho wake, jambo hilo lilimwachia Kerner imani ambayo hakuitupa hadi kaburini, na ambayo baadaye ilimponza.

Mwaka 1799 baba alifariki, na maisha yakabadilika. Kijana aliyependa vitabu akajikuta katika kiwanda cha nguo cha Ludwigsburg, akikata na kushona magunia ya kufungia vitambaa. Kazi hiyo ilimchosha moyo kuliko mwili, na mashairi aliyatunga humo humo huku mikono ikishona. Aliyemtoa kiwandani alikuwa Karl Philipp Conz, mshairi na mwalimu aliyeifahamu familia hiyo tangu zamani. Kwa msaada wake, Kerner alianza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Tübingen mwaka 1804.

Huko alipata mambo mawili yaliyoyaamua maisha yake. La kwanza ni urafiki na Ludwig Uhland, ambaye pamoja naye waliunda kundi la vijana washairi wa Swabia lililokuja kupata heshima katika fasihi ya Kijerumani. La pili ni mwalimu wake, Profesa Johann Heinrich Ferdinand Autenrieth, mkuu wa hospitali ya chuo. Katika hospitali hiyo mwaka 1806 aliletwa mgonjwa wa akili ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa kabisa wa Ulaya, Friedrich Hölderlin, na Kerner akiwa mwanafunzi alikuwa mmoja wa waliopewa kazi ya kumwangalia. Alishahitimu mwaka 1808, kwa tasnifu iliyohusu kazi za sehemu za sikio, kisha akasafiri kwenda Hamburg, Berlin na Vienna kuona jinsi wenzake walivyotibu.

Aliporudi alikuwa daktari wa vijijini. Alifanya kazi Wildbad, mji wa chemchemi za maji ya moto, halafu Welzheim, halafu Gaildorf alikopewa cheo cha daktari wa wilaya mwaka 1815, na mwisho Weinsberg, alikokaa kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1813 alimwoa Friederike Ehmann, waliyekuwa wakipendana tangu siku za chuo, ambaye yeye alimwita Rickele. Walijaliwa watoto watatu.

Daktari wa wilaya wa wakati ule hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Alipanda farasi usiku, alikagua maiti, aliandika ripoti kwa serikali, na alikuwa wa kwanza kuitwa panapotokea kifo kisichoeleweka. Na katika Württemberg ya siku zile vifo visivyoeleweka vilikuwa vingi.

Kila majira ya baridi familia za wakulima zilichinja nguruwe, na hakuna kilichotupwa. Damu, ini na mabaki ya nyama vilichanganywa na kujazwa katika matumbo, na mara nyingi katika mfuko mzima wa tumbo la nguruwe, vikachemshwa kidogo, vikatundikwa juu ya jiko vikauke kwa moshi. Mkazi wa Nairobi anaweza kuzifananisha soseji hizo na mutura, ila kwa tofauti moja kubwa: mutura huliwa ikiwa moto, siku ile ile inapochomwa, ilhali soseji za Württemberg ziliwekwa kwa majuma na miezi, hadi masika, zikiliwa bila kupikwa tena.

Serikali mjini Stuttgart ilikuwa imekwisha kutoa onyo kuhusu soseji za damu mwaka 1802. Vita vya Napoleon viliiacha nchi katika ufukara, na ufukara hauchagui chakula. Ukaja mwaka 1816, ambao Ulaya inaukumbuka kama mwaka usiokuwa na kiangazi. Mazao yaliharibika na Württemberg ikakumbwa na njaa kali. Katika hali hiyo, nani angeitupa soseji kwa sababu tu imeanza kunuka? Profesa Autenrieth aliwataka madaktari wa wilaya wamletee ripoti za sumu ya soseji, na lawama kubwa aliwatupia akina mama wa nyumbani, kwamba walizichemsha haraka mno wakihofia zisipasuke.

Ripoti za Kerner, ambazo zilichapishwa mwaka 1817, zilikuwa fupi. Hata hivyo, zilionyesha kwamba mwandishi wake ana jicho la aina yake. Alikuwa ameketi kando ya vitanda vya wagonjwa hao na kuwaangalia hadi mwisho.

Alichokiona ni hiki. Saa kadhaa baada ya mlo, au siku moja au mbili baadaye, mgonjwa alianza kuona vitu viwili viwili. Kope zilianguka kama za mtu mwenye usingizi. Mboni zilipanuka na hazikusinyaa tena hata mbele ya mwanga. Kinywa kilikauka, machozi yakakauka, sauti ikawa ya kukwaruza kisha ikatoweka, na maji yakawa hayamezeki. Choo kilifunga. Shingo ikashindwa kukibeba kichwa, mikono ikalegea, kifua kikawa kizito. Na muda wote huo mgonjwa alikuwa na akili zake timamu: alimsikia mkewe akilia, aliwatambua wanawe, akajua kwamba anakufa. Kisha pumzi ikakata. Ugonjwa huu unaouacha ubongo macho ndani ya mwili uliozimwa ndio ambao leo madaktari wanauita botulizimu.

Mwaka 1820 Kerner alitoa kitabu kilichokusanya wagonjwa 76. Miaka miwili baadaye alitoa kingine, kikubwa zaidi, chenye habari za wagonjwa 155, uchunguzi wa maiti, na majaribio aliyoyafanya mwenyewe. Tukumbuke kwamba hakuwa profesa, wala hakuwa na maabara. Alitumia chumba cha duka la dawa mjini Weinsberg. Humo alizichukua soseji zilizokuwa zimeua watu, akazikamua hadi akapata kimiminika, akakijaribu kwa paka, sungura, vyura, ndege, nzige, konokono na nzi. Wanyama wengi walikufa, na msomaji wa leo anaweza kukunja uso, lakini ndivyo elimu ilivyotafutwa wakati ule.

Halafu akakijaribu kwake mwenyewe. Alidondosha matone machache ulimini, akaandika ladha yake kuwa ni ya uchachu, na baada ya hapo akayaona kwa mwili wake yale aliyokuwa ameyaona kwa wagonjwa: kinywa na koo kukauka, macho kuchoka, choo kuwa kizito. Alikuwa na mke na watoto wadogo nyumbani. Kama angezidisha kidogo, Weinsberg ingempoteza daktari wake, na pengine somo hili lingesubiri hadi mwisho wa karne. Ushujaa wa aina hiyo una harufu ya wazimu, na haufai kuigwa. Lakini ndio uliompa uhakika ambao vitanda vya wagonjwa peke yake visingempa.

Kutokana na kazi hiyo alifikia mambo ambayo kwa kiasi kikubwa yamesimama hadi leo. Alisema sumu hii huzaliwa ndani ya soseji pasipo hewa, ndiyo maana soseji nene ni hatari kuliko nyembamba. Alisema kiasi kidogo sana kinatosha kuua. Muhimu kuliko yote, alieleza kwamba sumu haiuharibu ubongo, wala haiuli msuli. Inachofanya ni kukata mawasiliano kati ya neva na kiungo ambacho neva hiyo inakiamuru, kama vile kutu inavyozuia umeme kupita katika waya. Kwa mtu wa mwaka 1822 kuyaona hayo, pasipo hadubini ya maana wala kemia ya kisasa, ni jambo la kustaajabisha.

Alikosea pia. Aliamini sumu yenyewe ni aina ya asidi inayotokana na mafuta yaliyooza, na kitabu chake hata jina lake kinaitaja sumu ya mafuta. Hilo halikuwa kweli.

Katika sura ya mwisho ya kitabu hicho kuna hoja ambayo ingeweza kupuuzwa kama ndoto za mshairi. Kama sumu hii huzima amri za neva, aliwaza Kerner, basi kwa kiasi kidogo sana ingeweza kuwasaidia wale ambao neva zao zinaamuru kupita kiasi. Mfano wake wa kwanza ulikuwa ugonjwa uliojulikana kama ngoma ya Mtakatifu Vitus, ambao huwapata hasa watoto wa umri wa kwenda shule: mikono, miguu na uso hucheza-cheza bila mtoto mwenyewe kutaka, akashindwa kushika kijiko au kalamu. Aliongeza magonjwa ya kutoka jasho na ute kupita kiasi. Aliorodhesha na mengine, yakiwemo kichaa cha mbwa na kifua kikuu, ambayo hayakuwa na msingi wowote. Yeye mwenyewe alikiri kwamba hayo ni makisio, na kwamba wakati ujao ndio utakaoamua.

Baada ya hapo aliiacha sumu ya soseji, na hakuirudia tena kwa uzito ule.

Mwaka huo huo wa 1822 alijenga nyumba chini ya kilima chenye magofu ya ngome ya Weinsberg, ambayo inasifika kwa kisa cha mwaka 1140, pale wanawake waliozingirwa na adui waliporuhusiwa kuondoka na kile tu wanachoweza kukibeba, nao wakatoka wakiwa wamewabeba waume zao mgongoni. Kerner alihimiza magofu hayo yahifadhiwe. Nyumba yake ikageuka kuwa kama hoteli isiyotoza fedha. Washairi Uhland, Nikolaus Lenau na Eduard Mörike walipita humo, na baada ya mwaka 1831 walipokewa pia wakimbizi wa Kipoland waliokimbia utawala wa Urusi. Wageni walimsifu mwenyeji wao kwa ukarimu. Aliyepika, kufua na kutandika vitanda vyao vyote alikuwa Rickele.

Mgeni aliyekaa muda mrefu kuliko wengi, na aliyemletea Kerner jina na fedheha kwa pamoja, alikuwa mgonjwa. Friederike Hauffe, binti wa kijiji cha Prevorst, aliletwa Weinsberg mwaka 1826 akiwa hoi, akipatwa na hali za kupoteza fahamu na kusema kwamba anawaona wafu. Kerner, yule mtoto aliyepona kwa mikono ya Gmelin, alimchukua nyumbani kwake na kuandika kila alichokisema. Mwanamke huyo alifariki mwaka 1829, na mwaka huo huo kitabu chake kumhusu kikatoka. Kilisomwa Ulaya nzima. Kilimfanya pia achekwe; mwandishi Karl Immermann alimkejeli waziwazi katika riwaya yake ya Münchhausen.

Ni vigumu kuwapatanisha watu hawa wawili, yule aliyehesabu matone ya sumu dukani na huyu aliyehesabu mizimu. Labda hapana haja ya kuwapatanisha. Kote kuwili alifanya kazi ile ile ya kukaa kitako kando ya mgonjwa na kuandika alichokiona na alichoambiwa. Tofauti ni kwamba soseji aliweza kuijaribu kwa paka, na mzimu hakuweza.

Mashairi yake hayakusimama. Mwaka 1840 Robert Schumann aliyatia muziki 12 kati ya hayo, na bado huimbwa katika kumbi za Ulaya. Kwa kuwa alitunga pia mashairi ya kusifu mvinyo, aina ya zabibu iliyozalishwa na watafiti wa Weinsberg mwaka 1929 ilikuja kupewa jina lake.

Macho yalianza kumsaliti. Alipoona kwamba hawezi tena kuandika bila kudondosha wino, aliyageuza madoa hayo kuwa mchezo: alikunja karatasi, akafunua, akaangalia umbo lililotokea, kisha akalitungia ubeti. Mkusanyo wa madoa hayo ulichapishwa mwaka 1890, miaka mingi kabla ya daktari Mswisi Hermann Rorschach kutoa kipimo chake cha akili kwa madoa ya wino mwaka 1921. Mwaka 1851 Kerner alilazimika kuacha kazi kwa sababu ya upofu. Rickele alifariki mwaka 1854, na miaka minane iliyofuata mjane huyo hakuwa tena yule mwenyeji mchangamfu. Walizikwa pamoja, na jiwe la kaburi linamtaja kwanza mke kwa jina lake kamili la ndoa, kisha linamtaja daktari kama Justinus wake tu.

Sumu iliendelea na safari yake bila yeye. Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wapiga muziki waliokuwa wametoka mazikoni walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, wakaugua kwa dalili zile zile alizoziandika Kerner, na watatu wakafa. Profesa Emile van Ermengem wa Ghent alilichunguza paja hilo na kumpata mwuaji: bakteria anayeishi pasipo hewa, aliyekuja kupewa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Bakteria huyo hana mipaka. Mwaka 1980 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha habari za watu waliopatwa na botulizimu nchini Kenya baada ya kula mchwa.

Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba sumu huizuia neva isitoe kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Kutu ya Kerner sasa ilikuwa na jina la kisayansi. Aliyethubutu kuifanya dawa alikuwa daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, aliyekuwa akitafuta namna ya kutibu makengeza bila kisu. Alianza na nyani, akamchoma binadamu wa kwanza mwaka 1977, akachapisha matokeo mwaka 1980, na Desemba 1989 serikali ya Marekani ikairuhusu dawa yake kwa makengeza na kufumba kwa kope.

Watoto wenye mtindio wa ubongo walifuata. Kwa mtoto wa namna hii ubongo uliumia kabla, wakati au muda mfupi baada ya kuzaliwa, na amri zinazofika kwenye misuli ni za kujikaza tu. Misuli ya nyuma ya mguu huvuta kisigino juu, mtoto akatembea kwa ncha za vidole. Ya paja huvuta magoti yakagongana. Mifupa inaendelea kurefuka, misuli iliyokakamaa hairefuki kwa kasi hiyo, na kadiri miaka inavyopita viungo hupinda na nyonga huweza kutoka mahali pake. Mwaka 1993 kundi la madaktari wa Marekani lililoongozwa na Andrew Koman lilichapisha matokeo ya kuwachoma watoto kama hao sumu ya botulini miguuni. Misuli ililegea. Haiponyi ubongo, na nguvu yake huisha baada ya miezi mitatu au zaidi kidogo; lakini katika muda huo mtoto anaweza kufanyishwa mazoezi, kufungwa plasta au kuvaa viatu maalumu, na kujifunza kukanyaga kwa unyayo mzima.

Hapo ndipo linapoingia suala la picha. Kwa miaka mingi madaktari waliutafuta msuli kwa kupapasa. Mwaka 2005 watafiti wa Australia waliwapima wenzao: sindano zilizoelekezwa kwa mkono mtupu kwenye msuli mkubwa wa nyuma ya mguu zilifika kwa zaidi ya robo tatu, lakini zilizolenga msuli mdogo uliojificha ndani kabisa, nyuma ya mfupa wa muundi, zilifika karibu moja tu kati ya kumi. Maana yake ni kwamba watoto walivumilia sindano, wazazi wakasubiri miezi mitatu, na dawa ilikuwa imekwenda kwingine.

Ultrasaundi iliubadilisha mchezo huo. Haina mionzi kama ya eksirei, jambo lenye uzito kwa mwili unaokua, na mtoto aweza kulala kitandani mama akiwa amemshika mkono. Ngozi hupakwa dawa ya ganzi, baadhi ya watoto huvutishwa gesi ya kutuliza au hulazwa usingizi mwepesi, hasa misuli inayochomwa ikiwa mingi. Kwenye skrini misuli huonekana kwa tabaka, mishipa ya damu na neva zikionekana kando, na sindano kama mstari mweupe unaoshuka. Daktari huiona dawa ikisambaa pale alipotaka. Kifaa hicho hicho huongoza sindano za dawa za kupunguza uvimbe kwa watoto wenye baridi yabisi, hususan katika nyonga, kiungo ambacho kimezama ndani mno kuaminiwa kwa vidole.

Na dawa hii haikuacha kuwa sumu. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba imepokea taarifa za wagonjwa, wakiwemo watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao sumu ilisambaa kutoka mahali ilipochomwa ikawaletea shida ya kumeza na kupumua, na kwamba baadhi walikufa. Mwaka uliofuata iliamuru kila boksi liwe na onyo hilo. Dalili zilizoandikwa humo ni zile zile za vitanda vya Württemberg. Siku hizi wapo pia mabingwa wanaohoji kurudiwa-rudiwa kwa sindano hizi, kwa kuwa uchunguzi umeonyesha msuli unaochomwa unaweza kukonda na usirudie unene wake haraka.

Lipo jambo jingine katika orodha ya Kerner, lile la ute uliozidi. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hutokwa na udenda mchana kutwa, nguo zikalowa, kidevu kikachubuka, na wenzao shuleni wakawakimbia. Wapo pia ambao mate huwaingia mapafuni. Tezi za mate zimekaa chini ya taya na mbele ya sikio, karibu na mishipa mikubwa ya damu na neva ya uso, hivyo daktari huzitafuta kwanza kwa ultrasaundi ndipo aichome kila moja. Desemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha aina moja ya sumu hiyo kwa tatizo hili, kwa watoto kuanzia miaka miwili. Kitabu cha daktari wa Weinsberg kilikuwa na umri wa miaka 198.